Saa ya Nani Iko Sahihi? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Kurefuka kwa Muda

Ukijibu maswali ya nadharia ya uhusianifu ya Einstein kwa miaka kadhaa, unaanza kuyajua yanakotoka. Karibu yote, liwe la mwanafunzi au la mhandisi mstaafu, yamebeba saa moja iliyofichwa ndani: saa kuu ya ulimwengu, inayogonga mahali fulani nyuma ya pazia, ambayo saa zetu zote zinajitahidi kuifuata na nyingine zinashindwa. Saa hiyo haipo. Ukiitoa kichwani, nusu ya maswali yafuatayo yanajijibu yenyewe. Unaweza kurukaruka upendavyo, ila swali la mapacha lisome baada ya lile la nguzo mbili.

Kurefuka kwa muda ni nini hasa?

Chukua saa mbili zilizotengenezwa sawasawa, zilinganishe, kisha kila moja ipite njia yake. Zikikutana tena, huenda zisionyeshe muda uleule, na bado zote mbili zikawa nzima. Tofauti hiyo huletwa na mambo mawili. La kwanza ni mwendo. Albert Einstein alilieleza mwaka 1905. La pili ni graviti, yaani ule mvuto unaotuvuta chini. Alianza kulidokeza mwaka 1907, na likakaa mahali pake katika nadharia ya jumla ya uhusianifu ya mwaka 1915.

Chanzo cha lile la kwanza ni ukaidi wa nuru. Katika ombwe, yaani mahali pasipo na hewa wala kitu, nuru husafiri mita 299,792,458 kwa sekunde kwa kila anayeipima, awe amesimama, anaikimbia au anaifuata. Sasa tengeneza saa ya vioo viwili vinavyotazamana, kimoja chini na kimoja juu, mwale wa nuru ukidunda kati yake. Saa hiyo ikikupita kwa kasi, utaona mwale ukienda mshazari, maana kioo cha juu kimekwisha kusogea kabla haujafika. Mshazari ni mrefu kuliko wima, na nuru haiwezi kuongeza kasi ili kufidia. Kwa vipimo vyako, basi, kila mdundo umechukua muda mrefu zaidi.

Kiasi gani? Kwa asilimia 10 ya kasi ya nuru, saa hiyo hupungukiwa na nusu ya asilimia moja tu. Kwa asilimia 60, dakika 10 zako ni dakika 8 zake. Kwa asilimia 86.6 huenda nusu. Kwa asilimia 99, mwaka wake mmoja ni miaka yako 7 na kidogo. Ndege ya abiria haifikishi hata sehemu moja kwa milioni ya kasi ya nuru, ndiyo maana hakuna aliyewahi kushuka kwenye ndege akaishangaa saa yake kwa sababu hii.

Ni saa inayochelewa, au ni muda wenyewe?

Kiswahili kinatutega hapa, kwa kuwa neno "saa" limebeba kifaa cha ukutani na dakika 60 kwa pamoja. Wengi wakisikia "saa inayosafiri huchelewa" wanafikiria kifaa: springi imelegea, betri imechoka, mtikisiko umeiharibu. Kama ingekuwa hivyo, saa ya betri, saa ya mchanga na saa ya atomu zilizo ndani ya chombo kimoja zingepotea kila moja kwa kiasi chake, na msafiri angegundua mara moja kwamba anasafiri. Hazifanyi hivyo. Kinachopungua ni idadi ya kila tukio linaloweza kuhesabiwa: midundo ya moyo, ukuaji wa kucha, kuoza kwa chembe.

Kuoza kwa chembe ndiko ushahidi ninaoupenda kuliko wote, kwa sababu chembe haina springi ya kulegea. Miale ya kosmiki, yaani chembe zenye nishati kubwa zitokazo anga za mbali, ikigonga hewa ya juu huzaa chembe ziitwazo muoni, nyingi zikizaliwa kilomita 15 hivi juu yetu. Muoni iliyotulia huishi kwa wastani mikrosekunde 2.2 (mikrosekunde ni sehemu moja kwa milioni ya sekunde). Katika muda huo hata nuru haimalizi mita 660. Kwa hesabu hiyo, muoni za kufika ardhini zingekuwa za kutafuta kwa tochi. Kumbe zinatupitia mwilini kila sekunde. Bruno Rossi na David Hall walipima jambo hili katika milima ya Colorado mwaka 1941. Mwaka 1963 David Frisch na James Smith walihesabu muoni takriban 560 kila saa wakiwa juu ya Mlima Washington, Marekani. Bila kurefuka kwa muda, walitarajia 27 tu zifike usawa wa bahari, karibu mita 1,900 chini. Walihesabu zaidi ya 400.

Si ni ile hali ya nuru kuchelewa kunifikia tu?

Hapana. Kosa hili ni la watu makini, kwa hiyo linastahili jibu la heshima.

Ni kweli kwamba saa iliyo mbali tunaiona kwa nuru iliyoondoka zamani, na saa inayokwenda mbali huonekana ikichelewa hata zaidi, kwa kuwa kila ujumbe una safari ndefu kuliko uliotangulia. Lakini wanafizikia huondoa kwanza muda wa safari ya nuru, ndipo huuliza saa ilikuwa inaendaje. Kurefuka kwa muda ni kile kinachobaki baada ya hesabu hiyo. Tena, saa inayokujia huonekana kwa macho ikienda haraka, kama king'ora kinachokukaribia kinavyosikika na sauti nyembamba. Kama ungekuwa mchezo wa macho tu, saa inayokuja ingekuwa imeharakishwa, mambo yakaisha hapo. Ukitoa safari ya nuru, utakuta inakwenda polepole kwa kiasi kilekile na ile inayoondoka.

Aliye ndani ya chombo anahisi muda ukipungua mwendo?

Hahisi chochote. Tangu mwaka 1967 sekunde imefafanuliwa kwa mitetemo 9,192,631,770 ya mnururisho wa atomu ya sesiamu, na atomu iliyo kando ya msafiri inatoa idadi hiyo katika kila sekunde yake. Chai yake inapoa kama kawaida. Kitabu cha kusoma siku mbili kinamchukua siku mbili.

Kwa hiyo wanaouliza kama kusafiri kwa kasi kunarefusha maisha, jibu ni kwamba hakuna siku hata moja inayoongezeka ya kuishi. Mwaka 1911 mwanafizikia Mfaransa Paul Langevin alimfikiria msafiri ambaye kwake ilipita miaka 2 huku duniani ikipita 200. Msafiri huyo aliporudi alikuwa ameishi miaka miwili, amekula milo ya miaka miwili, na kuota ndoto za miaka miwili. Alichopata ni kuwakuta wajukuu wa wajukuu.

Kama kila mmoja anasema saa ya mwenzake ndiyo inayochelewa, nani mkweli?

Wote wawili. Hili ndilo swali kubwa kuliko yote kwenye ukurasa huu, na lisipoeleweka, mapacha wataendelea kukusumbua milele. Naomba uvumilivu wa hesabu ndogo.

Simamisha nguzo mbili angani, A na B, zilizotengana kwa dakika 6 za nuru, yaani kilomita milioni 108 hivi. Kila nguzo ina saa, na wenye nguzo wamezilinganisha kwa uangalifu. Chombo kinapita kwa asilimia 60 ya kasi ya nuru. Kikiwa kwenye nguzo A, saa ya chombo na saa ya A zote zinasoma sifuri. Kikifika B, saa ya B inasoma dakika 10 (umbali wa 6 ukigawanya kwa 0.6), na saa ya chombo inasoma dakika 8. Hapa hakuna ubishi: saa mbili ziko pua kwa pua, na yeyote anayepita anaweza kuzipiga picha moja. Wenye nguzo wanasema, "Umeona? Saa yako imechelewa."

Nahodha anajibu vipi? Kwake yeye chombo kimetulia na nguzo ndizo zinazopita. Kitu kinachokwenda hufupika kuelekea upande wa mwendo wake, hapa kwa kiasi kilekile cha 0.8, hivyo umbali kati ya nguzo, kwa vipimo vyake, ni dakika 4.8 za nuru tu, kwa hiyo B imemfikia baada ya dakika 8. Saa za nguzo, anasema, zinakwenda polepole: katika dakika 8 hizo kila moja imehesabu dakika 6.4. Mbona basi B inasoma 10? Kwa sababu, kwa vipimo vya nahodha, saa za A na B hazikuwahi kuwa sawa. A iliposoma sifuri, B ilikuwa tayari inasoma 3.6. Jumlisha 3.6 na 6.4.

Ipo hapo siri yote. Ili kuipima saa inayokwenda, unahitaji saa zako mbili zilizo mahali pawili, na unahitaji kuamini kwamba ziko sawa. "Ziko sawa sasa hivi" ni maneno ambayo watu wawili walio katika mwendo tofauti hawawezi kukubaliana juu yake kuhusu mahali pawili palipo mbali. Kila mmoja ana "sasa" yake. Nimeona vitabu vingi vikiwafundisha wanafunzi kwamba saa zinachelewa na kwamba vitu vinafupika, kisha jambo hili la tatu linaachwa kama kijibanda cha uani. Ni nguzo ya kati ya nyumba. Ukiing'oa, hayo mengine mawili yanakuwa kichekesho.

Mapacha je? Mbona wao wanatofautiana kweli?

Wako wawili, Kulwa na Doto. Kulwa anabaki. Doto anakwenda kwenye nyota iliyo umbali wa miaka 8 ya nuru kwa asilimia 80 ya kasi ya nuru, anageuka papo hapo na kurudi kwa kasi ileile. Kwa Kulwa safari imechukua miaka 10 kwenda na 10 kurudi. Doto anashuka akiwa ameongeza miaka 12.

Pingamizi linajulikana: kwa Doto, Kulwa ndiye aliyekwenda na kurudi, hivyo Kulwa angetakiwa kuwa mdogo. Njia nzuri ya kulimaliza ni kuacha maneno na kuhesabu barua. Tuseme kila mmoja hutuma salamu kwa redio kila siku yake ya kuzaliwa.

Anza na Doto. Akienda, anazikimbia salamu za Kulwa, na hesabu inaonyesha anapokea moja kila baada ya miaka 3. Kwake kwenda kumechukua miaka 6, kwa hiyo amepokea 2. Anageuka. Sasa anazikimbilia, anapokea 3 kila mwaka. Miaka 6 ya kurudi inampa 18. Jumla 20. Doto mwenyewe, kwa masikio yake, amesikia kwamba Kulwa ameongeza miaka 20.

Sasa Kulwa. Naye anapokea salamu moja kila baada ya miaka 3 Doto akienda, na 3 kila mwaka Doto akirudi. Kanuni ni ileile kwa wote, hakuna aliyependelewa. Lakini Doto anageuka mwaka wa 10 wa Kulwa, akiwa miaka 8 ya nuru kutoka nyumbani, na habari za kugeuka hazimfikii Kulwa hadi mwaka wa 18. Kwa miaka 18 Kulwa amepokea salamu 6. Katika miaka 2 iliyobaki zinamiminika nyingine 6. Jumla 12.

Tazama tofauti iko wapi. Doto alisikia mdundo ukibadilika nusu ya safari yake, papo hapo alipogeuka, kwa sababu yeye ndiye aliyegeuka. Kulwa alisubiri. Neno "kitendawili" linaloambatana na mapacha hawa limewapotosha watu kwa zaidi ya miaka mia moja. Kitendawili hakuna. Kuna njia mbili kati ya tukio la kuagana na tukio la kukutana, moja imenyooka na nyingine imepinda, na saa husoma urefu wa njia yake. Barabarani, iliyonyooka ndiyo fupi. Katika muda ni kinyume: iliyonyooka ndiyo inayokusanya miaka mingi zaidi, na hapo ndipo akili ya barabarani inapotutupa.

Kwa hiyo ni kule kugeuka, yaani mchapuko (kubadilika kwa kasi au mwelekeo), ndiko kunakopunguza muda?

Jibu hili utalikuta kila mahali, na halijakaa sawa. Mchapuko unatuambia ni nani kati ya mapacha aliyepinda njia. Miaka 8 iliyokosekana haikupotelea pale kwenye kona. Doto angekwenda mara mbili ya umbali ule na kugeuka kwa namna ileile kabisa, tofauti ingekuwa miaka 16.

Unaweza hata kuondoa mchapuko kabisa. Doto asigeuke. Akifika kwenye nyota, apishane na Shija anayekuja huku kwa kasi ileile, na Shija aweke saa yake isome miaka 6 kama ya Doto. Shija akipita kwa Kulwa, saa yake itasoma 12 dhidi ya 20. Hakuna aliyebonyeza breki wala kukanyaga mafuta.

Maabara nayo imesema. Katika kituo cha utafiti cha CERN, karibu na Geneva, muoni zilizungushwa ndani ya pete kwa kasi iliyokaribia sana ya nuru, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1977. Ziliishi kwa wastani mikrosekunde 64 badala ya 2.2, yaani mara 29 hivi, sawasawa na hesabu ya kasi peke yake. Mchapuko wake kwenye kona ya pete ulikuwa mara bilioni bilioni moja ya ule wa kitu kinachoanguka duniani, na haukuongeza chochote kinachopimika.

Panapovuta zaidi ndipo muda unapokwenda polepole zaidi?

Mara nyingi ndiyo, lakini kwa bahati tu. Kinachohesabika ni kina: ungehitaji nishati kiasi gani kujinasua kutoka hapo ulipo na kwenda mbali kabisa. Nguvu unayoihisi miguuni ni habari nyingine.

Sayari ya Uranus ni mfano mzuri. Juu ya mawingu yake ungepima uzito kidogo kuliko duniani. Lakini ili kuiponyoka unahitaji kasi ya kilomita 21 kwa sekunde, wakati Dunia hudai 11. Kina chake ni zaidi ya mara tatu ya chetu, na muda wake unachelewa zaidi kwa kiasi hichohicho. Au nenda katikati ya Dunia. Pale usingekuwa na uzito wowote, kwa kuwa unavutwa pande zote sawa, na bado ndipo mahali pa chini kabisa. Wanafizikia wa Denmark walipiga hesabu mwaka 2016 wakapata kwamba kiini cha Dunia ni kichanga kuliko uso wake kwa takriban miaka miwili na nusu.

Karibu na ardhi, kila mita unayopanda inaharakisha saa yako kwa sehemu moja hivi kwa milioni bilioni kumi. Ni kidogo mno, lakini hupimika. Robert Pound na Glen Rebka walilipima hilo kwa miale ya gama katika mnara wa mita 22.5 chuoni Harvard, mwaka 1960. Mwaka 2010 wataalamu wa vipimo huko Boulder, Colorado, walipandisha saa ya atomu sentimita 33 tu wakaiona ikitangulia. Kufikia mwaka 2022 mji huohuo ulikuwa umeshuka hadi kipimo cha milimita. Anayeishi orofa ya juu huzeeka haraka kuliko wa chini, kweli, lakini kwa maisha yote tofauti haifikii hata muda wa kupepesa jicho.

Ninaporuka kwa ndege, nazeeka haraka au polepole?

Inategemea unaelekea wapi, na jibu hili huwashangaza hata wenye shahada. Kasi inapunguza, urefu wa kupaa unaongeza. Ndani yake kuna Dunia, inayozunguka kuelekea mashariki: ndege inayokwenda mashariki inajumlisha kasi yake na ya Dunia, inayokwenda magharibi inatoa.

Oktoba 1971 Joseph Hafele na Richard Keating walipanda ndege za kawaida za abiria wakiwa na saa nne za sesiamu, wakaizunguka Dunia mara moja kila upande. Zilipolinganishwa na zilizobaki, saa za mashariki zilikuwa zimepoteza nanosekunde 59 hivi (nanosekunde ni sehemu moja kwa bilioni ya sekunde), na za magharibi zimepata 273. Nadharia ilitabiri kupoteza 40 na kupata 275, kukiwa na shaka ya nanosekunde 20 na zaidi kwa kila utabiri. Zimelingana.

Kwa wanaanga wa kituo cha kimataifa cha anga, kasi inashinda urefu: wanapata ujana wa takriban milisekunde 9 kwa mwaka. Scott Kelly, aliyekaa huko siku 340 mfululizo hadi Machi 2016, ana pacha wake, Mark, aliyezaliwa dakika 6 kabla yake. Scott alirudi akiwa mdogo kwa dakika 6 na milisekunde chache juu yake.

Ni kweli Einstein mwenyewe aliwahi kukosea juu ya hili?

Kidogo, na kwa sababu nzuri. Katika andiko la mwaka 1905 alisema saa iliyowekwa ikweta itakwenda polepole kidogo kuliko iliyo kwenye ncha ya Dunia, kwa kuwa ya ikweta inazungushwa. Hesabu ya kasi ni sahihi. Lakini mzunguko huohuo umeitunisha Dunia kwenye ikweta, hivyo saa ya pale iko mbali zaidi na kitovu, na graviti inairudishia kile kasi ilichochukua. Kwenye usawa wa bahari saa zote, za ikweta na za ncha, huenda sawa. Mwaka 1905 nadharia ya graviti ilikuwa bado haijazaliwa, kwa hiyo sidhani ni haki kumdai.

Bila Einstein, GPS ingekosea kilomita 11 kwa siku?

Namba ni ya kweli, maelezo yake mara nyingi si ya kweli. Setilaiti za GPS, mfumo unaoiambia simu yako mahali ilipo, ziko takriban kilomita 20,200 juu, zikienda karibu kilomita 4 kwa sekunde. Kasi inazipunguzia mikrosekunde 7 kwa siku, urefu unaziongezea 45. Zinabaki mbele kwa 38. Zidisha kwa kasi ya nuru, unapata kilomita 11 na kitu.

Lakini simu yako haiamini saa yake yenyewe. Inasikiliza setilaiti nne au zaidi na kutafuta mahali na wakati kwa pamoja, hivyo kosa linalozipata setilaiti zote kwa kiasi sawa humezwa zaidi na upande wa wakati. Usingejikuta baharini kesho asubuhi kwa sababu hiyo peke yake. Kingeharibika ni wakati wenyewe, ambao mitambo mingi huuchukua kutoka setilaiti hizo. Na kwa kuwa mizunguko yao si duara kamili, kila setilaiti ina nyongeza yake ya makumi ya nanosekunde inayopanda na kushuka. Hiyo haimezwi, na kila nanosekunde ni sentimita 30.

Setilaiti ya majaribio NTS-2 ilirushwa mwaka 1977 ikiwa na kifaa cha kusahihisha, lakini kikaachwa kimezimwa kwa siku 20 hivi ili kuona kama nadharia inasema kweli. Saa ilitangulia karibu sawasawa na ilivyotabiriwa. Leo marekebisho hufanywa kabla ya kurusha: saa inayotakiwa kusomeka megahezi 10.23 inawekwa 10.22999999543.

Nikifika kasi ya nuru, muda wangu utasimama?

Hutafika. Kitu chenye masi kinahitaji nishati isiyo na mwisho. Na ile kauli kwamba "fotoni haioni muda ukipita" (fotoni ni chembe ya nuru) ipokee kwa tahadhari. Ili kusema muda unapitaje kwa fulani, tunajiweka mahali alipotulia. Fotoni haijatulia mbele ya yeyote. Swali halina jibu kwa sababu halina pa kusimama.

Ukitumbukia shimo jeusi, utaona mustakabali wote wa ulimwengu ukipita?

Picha nzuri, lakini si kweli. Aliye mbali atakuona ukipungua mwendo, ukiwa mwekundu, ukififia pale kwenye upeo, mpaka ambao hata nuru ikiuvuka hairudi, asikuone ukivuka. Wewe utavuka kwa saa yako bila kengele yoyote. Nuru ya nyuma yako inayokuwahi kabla hujafika katikati ni ya kipindi chenye kikomo, nayo si ndefu. Katika shimo lililo katikati ya galaksi yetu, lenye masi ya Jua milioni nne hivi, kutoka kwenye upeo hadi mwisho hakuzidi dakika moja na kidogo, hata ufanye nini.

Ukitaka kuona miaka ya wengine ikikimbia, usianguke. Elea nje ya upeo kwa roketi. Kwa shimo lisilozunguka, ukielea mahali palipo mara moja na theluthi ya nusukipenyo cha upeo, saa yako itakwenda nusu ya ile ya mbali. Mafuta ya kufanya hivyo ni shauri lako.

Basi naweza kurudi jana?

Kurefuka kwa muda ni njia ya kwenda kesho pekee. Hakuna kasi iliyo chini ya ile ya nuru inayoigeuza saa yako irudi nyuma, wala kukukutanisha na tukio ambalo tayari uko baada yake.

Na Mwezini ni saa ngapi?

Swali hili lilikuwa mzaha, siku hizi ni kazi ya ofisi. Saa iliyo Mwezini hutangulia ya duniani kwa takriban mikrosekunde 56 hadi 59 kwa siku, kutegemea namna ya kupiga hesabu. Aprili 2024 serikali ya Marekani iliitaka NASA, shirika lake la anga, iandae wakati rasmi wa Mwezi ifikapo mwisho wa 2026, ili vyombo vya kutua visigombane juu ya lini ni sasa. Watakachokubaliana kitakuwa makubaliano, kama nguzo A na B: saa zilizowekwa sawa na watu walioamua sawa maana yake nini.